Fundi Sikio na Kibao cha Sita

Wapo watu wanaopewa jina la utani kwa wema wao, na wapo wanaopewa kwa ubaya wao. Fundi Sikio alipewa kwa yote mawili. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitengeneza piano na magitaa katika chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro, na hakuna aliyepata kusikia kwamba kazi yake imerudishwa. Huo ndio wema. Ubaya ni kwamba sikio lenyewe halikuwa na likizo. Ukimwalika harusini atakunong'oneza kwamba uzi wa pili wa gitaa la besi umelegea, na atakunong'oneza wakati bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Lango la jirani yake lilipokuwa likilia kila asubuhi, hakulalamikia kelele. Alilalamika kwamba linalia katikati ya sauti mbili, si hii wala ile, kama mtu asiyejua kwao. Mwisho alivuka barabara na chupa ya mafuta akalipaka bila kumwomba mtu ruhusa.

Chumbani mwake hapakukosa piano moja au mbili zilizo wazi kifua, nyundo zake ndogo zimepangwa juu ya gazeti. Nyuzi za magitaa zilining'inia misumarini kwa ukubwa, kuanzia nene hadi ile nyembamba ya kukata kidole. Katika mfuko wa koti lake la kazi kilikaa kipima sauti, kidude kisichozidi kiberiti: uzi ukiwa juu au chini ya mahali pake, taa nyekundu, ukikaa sawasawa, taa ya kijani. Yeye mwenyewe alikuwa hakihitaji. Alikiweka kwa ajili ya wabishi.

“Mteja akinibishia simjibu,” alikuwa akisema. “Taa humjibu.”

Sasa, sikio hilo alilitoa wapi? Nyumbani kwao wangekuapia kwamba hakulitoa kwa baba. Baba alikuwa dobi. Alipiga pasi chumba cha mbele, pasi ya mkaa, na kila alipoanza shati la kwanza alianza na wimbo wake. Ulikuwa wimbo mmoja tu, hauna maneno, unapanda hatua kwa hatua, na ukifika mahali fulani unajikwaa. Sauti iliyotakiwa pale, baba hakuifikia hata siku moja. Aliishia chini yake kidogo, kama aliyehesabu vibaya ngazi za nyumba yake mwenyewe, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea.

Fundi Sikio, kifungua mimba wa nyumba ile, alikuwa akipasikia pale mahali kwenye meno. Alipotimiza miaka kumi aligeuza jambo lile mchezo. Baba akitoka kupeleka nguo, binti alivaa kofia yake, akashika pasi iliyopoa, akabana kidevu kifuani, akauimba ule wimbo na ile sauti iliyoharibika. Mdogo wake wa kiume alicheka hadi akagaragara sakafuni. Alipotimiza kumi na miwili hakungoja tena baba atoke.

“Baba, hapo unakosea,” alimwambia usoni. “Unashuka mno.”

Baba aliweka pasi kwenye kigae chake. Alimtazama, akatabasamu. “Haya, mwalimu,” alisema.

Tangu siku hiyo, binti akiwa nyumbani, baba alipiga pasi kimya. Mtoto akajihesabia ushindi. Ndivyo walivyo watoto, hawana dhambi lakini wana mdomo.

Baba hakuwa mwenyeji wa mji ule. Alitoka bonde moja la mbali, akiwa na miaka kumi na tisa, na kila mwaka alisema, “Mwakani nitakwenda kwetu.” Mwakani ikaliwa na kazi, nyingine ikaliwa na ugonjwa wa mama, zilizobaki zikaliwa na uzee. Alizikwa mjini. Fundi Sikio alikuwa na miaka arobaini na minane, na kwao baba yake alikuwa hajakujua hata kwa picha.

Miaka sita baadaye simu yake ililia akiwa nusu mwili ndani ya piano. Alikuwa Shangazi, dada yake baba, wa mwisho aliyebaki katika tumbo lile. Walikuwa wameonana mara moja tu, mazikoni: bibi mkavu, mwavuli mkononi, aliyelia bila kutoa sauti.

“Wewe si ndiye fundi wa ala?”

“Ndiye, Shangazi. Shikamoo.”

“Marahaba. Marimba ya babu yako mzaa babu ina kibao kimoja kimekufa. Watu wa makumbusho wanakuja kuichukua Alhamisi ijayo. Njoo.”

Akakata. Ilibidi Fundi ampigie yeye ili aelezwe. Marimba ile ya vibao tisa vya mninga, kila kibao na kibuyu chake chini, ilikuwa imekaa miaka miwili bila kupigwa kwa sababu kibao cha sita kilipasuka. Wanaume wa ukoo walikutana wakasema kitu kisicholia ni kuni tu, hata kiwe na historia namna gani. Makumbusho yalikuwa yameiomba. Wakakubaliana hivi: siku gari litakapofika, marimba ikilia yote, itabaki, isipolia, itapakiwa ikawekwe ndani ya kioo. Shangazi alikuwa peke yake upande wa pili.

“Kitu cha kupigwa hakitazamwi,” alisema. “Njoo, nimekwambia.”

Fundi Sikio alifunga mzigo kifua mbele. Randa, patasi, tupa, msasa, kipima sauti. Aliwahi kufufua piano iliyoanguka kutoka kwenye lori. Kibao kimoja cha mti kingemshinda vipi?

Gari lilimwacha njia panda, akatembea. Alipofika mahali njia inapokata kona, alisimama na begi lake begani. Baba aliwahi kuwaambia nini kuhusu kwao? Aliwaambia, “Kwetu kuna maji.” Basi! Kumbe msitu ulishuka milimani hadi mabegani mwa nyumba, na maji yaliporomoka kutoka humo mahali patatu, kila poromoko na mngurumo wake, na ndege wa rangi ambazo hakuwahi kuziona hata dukani kwa vitambaa walipita juu yake wakijibizana. “Kuna maji!” Baba yule alikuwa bahili wa maneno jamani.

Na bonde lenyewe lilikuwa haliwezi kunyamaza. Mpasua mbao alipiga mluzi, na mwenzake ng'ambo ya kijito akaumalizia. Mama aliyekuwa akitwanga kibarazani alitwanga kwa mpigo wa kuchezeka. Ukutani kwa Shangazi, juu ya viti, zilining'inia picha za wapigaji waliokwisha kufa: babu nyuma ya marimba, wanaume wanne pembeni, mashati yamenyooka kama karatasi. Zamani, Shangazi alieleza akimwonyesha mmojammoja, watu walitoka mbali sana kuja kuwaomba wapigaji wa bonde hili. Na mpigaji akiwa safarini hakubebeshwa mzigo, hata mtungi wa maji, ili mikono isitetemeke atakapofika. Fundi Sikio alitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyobeba begi la vyuma tangu njia panda, na kichwa kikamvimba. Kumbe alikuwa ametoka kwa watu.

Fahari ile haikumaliza hata kikombe cha chai. Jirani aliyekuja kumwona mgeni alichungulia mlangoni akauliza, “Ndiye huyu binti wa yule aliyeondoka?” Alilisema neno hilo, aliyeondoka, kana kwamba baba alitoka jana tu bila kuaga.

Asubuhi Shangazi alifunua marimba. Vibao vilikuwa vyeusi kwa mikono ya watu, na pale katikati pa kila kimoja palikuwa na shimo dogo lililochimbwa na vizazi vitatu vya kupigwa. Kisha akatoa gogo fupi lililofungwa kwa kitambaa.

“Mninga huu babu yako aliutundika juu ya moshi wa jikoni ukakauka miaka kumi na mmoja. Unatosha kibao kimoja. Mwingine hakuna. Mti mbichi hauimbi.”

“Kimoja kinanitosha,” alisema Fundi Sikio.

Kazi ya kibao ina sheria mbili. Ukikipunguza ncha, sauti yake hupanda. Ukikikwangua tumbo kwa chini, hushuka. Na juu ya hizo mbili iko ya tatu, kwamba mti haurudishiwi ulichouondolea. Fundi alivipima vile vibao vinane kwa kipima sauti, vikakubali kwa taa ya kijani, kimoja baada ya kingine. Cha tano kinajulikana, cha saba kinajulikana. Cha sita kitakuwa wapi kama si katikati ya hivyo viwili, mahali panapofahamika duniani kote? Jumatatu adhuhuri kibao kipya kilikuwa juu ya kibuyu chake, kimepigwa msasa kinang'aa, na taa ni kijani tupu. Akamwita Shangazi, kisha mwenyewe akasimama kando na uso wa mtu anayengoja kushukuriwa.

Shangazi alichukua fimbo zenye vichwa vya mpira akapiga vyote tisa, cha kwanza hadi cha mwisho. Akarudia cha sita peke yake.

“Kizuri,” alisema. “Cha nani?”

“Cha hapa, Shangazi. Ndicho cha sita.”

“Cha sita sicho hiki.”

“Shangazi, tazama taa, inasema...”

“Hiyo taa ilizaliwa lini?”

Fundi Sikio alivuta pumzi. “Basi niimbie nijue kilikuwa wapi.”

“Niimbe mimi? Sauti yangu ilikwisha zamani. Nikiimba sasa mbuzi watahama. Nikikisikia nitakijua, kukitoa siwezi. Kiko chini ya hapo.”

“Chini kiasi gani?”

“Kiasi chake.”

Hapo ndipo alipoelezwa jambo ambalo watu wa bonde hawakudhani kuna mtu mzima asiyelijua. Kila nyumba ilikata marimba yake kwa sauti yake, kama kila nyumba ilivyo na kicheko chake. Cha sita cha jirani hakikuwa cha sita chao. Waliitwa wanaume wawili wa ukoo waliowahi kuisikia ikiwa nzima. Mmoja akaimba huku, mwingine akaimba kule, wakagombana, wakaondoka hawasemeshani. Kanda pekee iliyokuwapo ililiwa na panya.

Jumanne Fundi Sikio hakushika chombo. Kibao kilikuwa kimekwisha kuwa chembamba. Angekwangua kidogo, kisha kidogo, akipapasa kizani, hadi apapite mahali penyewe, na mti mwingine haukuwapo. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa imerudishwa, tena na bibi mwenye mwavuli! Alikasirika. Alipomaliza kukasirika aliona aibu, na chini ya aibu aliikuta hofu: kwamba Alhamisi marimba ingepakiwa mbele ya macho yake, na bonde zima lingesema, unategemea nini kwa binti wa yule aliyeondoka.

Jumatano asubuhi, Shangazi akiwa jikoni anamenya viazi, Fundi aliketi mbele ya marimba. Alikuwa amekitoa kibao kipya kwa sababu kilimuudhi. Akavigonga vile vinane bila kufikiri, kwenda juu, akiruka pengo. Mkono ukasimama.

Akapiga tena, polepole. Alizijua hatua zile. Alizijua tangu kabla hajajua kusoma, na zilikuja na harufu ya mkaa na ya shati lenye unyevu. Ulikuwa wimbo wa baba. Kila sauti aliyoiimba baba ilikaa juu ya kibao chake sawasawa, na pale baba alipokuwa akijikwaa, pale pale alipoambiwa na mtoto wake kwamba anakosea, ndipo palipokuwa na pengo.

Alifungua kinywa aitoe ile sauti, ikatoka iliyo sahihi, ile ya taa ya kijani. Akajaribu tena, ikatoka ile ile. Sikio lake lilikuwa limefundishwa vizuri mno; kila alipotaka kukosea, lilimrekebisha. Akishusha kwa nguvu alishuka ovyo, kusikojulikana.

Ndipo alipoikumbuka kofia, na pasi iliyopoa, na mdogo wake anagaragara sakafuni. Alitazama huku na huku. Mtu hakuwapo. Akaichukua randa, akailaza juu ya benchi, akaanza kuisukuma mbele na nyuma kama anayenyoosha shati. Akabana kidevu kifuani, akavuta mdomo kama alivyouvuta akiwa na miaka kumi, akaimba kwa dhihaka ile ile. Na sauti ikatoka. Ilikuwa chungu, iko chini kidogo, vile vile ilivyokuwa. Heshima isingeitunza sauti ile miaka yote hiyo; utundu ndio ulioitunza.

Jikoni kisu kilinyamaza. Shangazi alitokea mlangoni, mikono inachuruzika maji.

“Nani huyo?”

“Mimi, Shangazi.”

“Siyo wewe. Huyo ni kaka yangu.” Akaketi kwenye kizingiti, chini, bila kutafuta kiti. “Rudia.”

Akarudia. Akarudia mara kumi, na kufikia mara ya tatu haikuwa dhihaka tena. Shangazi alifuta uso kwa mkono uleule wenye maji, ikawa haijulikani ni yapi ya viazi na ni yapi ya macho.

“Aliondoka hana hata begi,” alisema. “Tukasema ameondoka mikono mitupu. Kumbe aliibeba yote.”

Fundi Sikio alikishika kibao, akakigeuza tumbo juu. Kinywa kinaimba, mkono unakwangua. Tupa mara moja, pigo moja, asikilize. Taa ya kipima sauti iliwaka nyekundu, ikazidi kuwa nyekundu. Akakizima, akakitia ndani ya begi. Mchana ulipogeuka Shangazi aliinua mkono.

“Hapo. Weka chini hiyo tupa. Nimesema weka chini!”

Alhamisi gari la makumbusho lilifika likiwa na kijana mmoja mpole mwenye viatu visivyostahili njia ile. Ukoo ulikuwa umesimama uani. Fundi Sikio si mpigaji, na hakujifanya. Alipiga wimbo wa baba taratibu, cha sita akikipiga kwa mkono wa kushoto kama alivyoelekezwa na Shangazi, na vibuyu vikaujaza ua mzima. Wale wanaume wawili waliogombana walitazamana, kisha kila mmoja akasema, “Si niliwaambia?” Na yule jirani wa siku ya kwanza alimgusa mwenzake akamwambia kwa sauti ya kusikika, “Huyu ni binti wa nyumba hii.”

Kijana wa makumbusho alipiga makofi kwa dhati. Kisha akatoa simu yake, akaitazama, akakuna shingo.

“Hongera sana, mama. Ila kibao cha sita kiko chini kidogo. Mkipenda, tunaye fundi mjini, anaweza kukirekebisha.”

Wiki moja nyuma maneno yale angeyasema yeye mwenyewe, tena bila hongera. Fundi Sikio alicheka hadi ikabidi Shangazi amshike bega.

“Hakiko chini, mwanangu,” Fundi alimwambia kijana. “Hapo ndipo kwao.”

Kijana alirudi na gari tupu, na ahadi kwamba anaweza kuja kusikiliza wakati wowote. Watu walipotawanyika, Fundi alimpigia simu mdogo wake. Ndiye aliyerithi kazi ya baba, na chumba cha mbele, na meza.

“Sikiliza,” alisema, akaiweka simu juu ya kiti, akapiga.

Upande wa pili palianza kicheko, kile cha kugaragara sakafuni, halafu kikakatika.

“Dada, leo umekumbuka kumwiga baba?”

“Simwigi. Hii ni marimba ya kwao.”

“Mbona na yenyewe inakosea palepale?”

Fundi Sikio alitazama vibao vile tisa, vinane vyeusi na kimoja kipya.

“Haikosei. Baba alikuwa sawa. Siku zote alikuwa sawa, mimi ndiye niliyemnyamazisha.”

Mdogo wake akasema, “Piga tena. Nina pasi mkononi.”

Akapiga tena. Kupitia simu aliisikia pasi inakwenda na kurudi juu ya kitambaa, na mdogo wake anafuatisha kwa kuimba puani, hatua kwa hatua, hadi mahali penyewe.

“Hapo unakosea,” dada alimwambia. “Unapanda mno. Shuka.”